Picha ya Siku ya Kufua

3 Februari

Mke mwenzangu,

Mwambie mume wetu, huyo mjukuu wangu, hana haya. Mwambie hivyohivyo, usimlainishie maneno kama unavyompoozea chai. Salamu nitazitoa huko chini nikishapoa. Sasa hivi nimewaka.

Jana nimeitwa posta kuchukua mzigo. Mzigo mkubwa, kamba ya katani, jina langu juu na namba ya nyumba yangu. Nikasema, ona wajukuu wangu, hata wiki mbili hawajamaliza barabarani na wameshanikumbuka. Nimeubeba kichwani, nikapita njia ndefu makusudi ili mtaa mzima unione. Nikaufungulia barazani mbele ya fundi cherehani, yule jirani yangu mwenye mdomo.

Ndani mablanketi mawili, gauni lililokwisha kuvaliwa na watu watatu kabla yangu, miwani, na barua. Barua akanisomea fundi, maana mikono yangu ilikuwa na sabuni. Ikasema hivi, nimeishika kichwani neno kwa neno: "Bibi mpendwa tuliyekuona kwenye picha, tumefurahi kusikia umetoka gizani. Usiogope, tunakuombea kila Jumatano. Pokea nguo hizi ujisitiri."

Nijisitiri! Mimi! Mimi dobi wa miaka arobaini, ambaye kola zangu zikisimama zinasimama mpaka mwenye shati afe! Mimi ninayefua kanzu za kwaya na vitambaa vya madhabahu tangu huyo mhubiri wenu hajaota meno! Giza gani nimetoka? La jikoni? Mimi ndiye niliyemfundisha kufumba macho wakati wa sala, na akichungulia nilimfinya. Leo watu nisiowajua wananiombea nizoee kuvaa nguo.

Fundi alicheka mpaka akakalia ndoo yangu ya wanga.

Mliniaga hapa mkisema mnarudi misheni, ng'ambo ya maji, wiki tano kwa gari, mkipita kwenye makanisa yanayowatuma kuwaonyesha slaidi za kazi yenu. Za kazi yenu, mlisema. Mimi nimekuwa kazi yenu tangu lini? Nataka kujua nimeonekana kwenye picha gani, nimeokoka siku gani, na nani aliniokoa, nimpe mkono.

Haya. Nimepoa kidogo. Hamjambo? Gari linakwenda? Mwanenu Redio anakula, au bado anaongea mpaka chakula kinapoa? Mtoto wa miaka tisa kuongea namna ile, sijui amemrithi nani. Mimi ni mzima. Jua hakuna, mashuka ya hospitali hayakauki, nimetundika mpaka kwenye kile chumba cha mume wetu. Nilipokuwa humo nikafagia na kutandika kitanda. Sio kwamba namngojea mtu. Vumbi tu.

Nawatumia barua hii kituo cha pili kama ulivyoniandikia kwenye ile karatasi. Ijibiwe.

Mke mkubwa


15 Februari

Bibi, shikamoo.

Shikamoo mara mbili, moja yangu na moja ya mume wetu, aliyejificha nyuma ya gari nilipokuwa naisoma barua yako kwa sauti. Redio anakusalimu, anasema amenenepa. Si kweli.

Njia ni ndefu lakini tunakwenda. Naendesha mimi, maana mume wetu akishika usukani anahubiri kwa mikono yote miwili. Kila kanisa tunakopita wanatupa kitu, na kukataa ni vigumu. Tuna saa ya ukutani, kuku wawili juu ya keria, na sanduku la vitabu vya nyimbo lenye uzito wa mtu mzima. Springi za nyuma zimelala. Nikipita kwenye shimo, saa inagonga.

Sasa la picha. Kosa ni letu, na mwanzo wake ni mdogo. Unakumbuka siku mume wetu alipojaribu ile kamera, ukiwa unafua? Umekaa mlangoni, miguu mitupu, gauni la kazini limelowa mpaka kifuani, kichwa wazi, mdomo wazi, mkono juu. Picha hiyo ilisafishwa pamoja na za misheni, na Redio ndiye aliyezipanga kwenye kisanduku. Anasema aliiweka katikati ya kisima na zahanati ili na wewe uione misheni.

Kanisa la kwanza waliziba madirisha kwa mablanketi mchana kweupe, ukumbi umejaa, watoto wamekaa chini. Paa la shule, watu kimya. Kisima, watu kimya. Halafu wewe, ukuta mzima, mkono juu. Mume wetu alishtuka, akanyamaza. Hazikupita pumzi tano. Mzee mmoja mbele akasimama: "Bwana asifiwe! Oneni uso huo! Huyo mama amefunguliwa!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu wakalia, Bibi. Mume wetu akabonyeza, zahanati ikaja, na hakuna aliyeiangalia.

Mlangoni wakamuuliza Redio, "Yule bibi anaishi wapi?" Redio huwa hasemi uongo. Akawaandikia anwani yako, na namba ya nyumba.

Nilidhani yataishia hapo. Lakini wale waliwapigia simu wenzao wa kituo kinachofuata, na tulipofika hatukuulizwa habari ya kisima. Waliuliza, "Yule bibi wa mlangoni mmekuja naye?" Nimemwambia mume wetu asahihishe. Amesema atasahihisha.

Angekuandikia mwenyewe ila mkono unamuuma.

Mablanketi yatumie, Bibi, baridi hiyo.

Mke mwenzio mdogo


1 Machi

Mke mwenzangu,

Salamu hizi ni zako na za Redio. Mume wetu atapata zake atakapozistahili. Mimi mzima, goti tu. Fundi cherehani anakusalimu, anauliza kama nimeshabatizwa.

Mablanketi siyatumii. Nimeyakunja juu ya kabati na nitayarudisha. Hivi sasa nimejifunika moja kwa sababu ya kuandika tu, mikono ikiwa baridi herufi zinakimbia.

Imekuja mizigo mingine miwili. Mmoja una viatu, cha kulia kikubwa, cha kushoto cha mtoto. Mwingine una kitabu cha kufundishia kusoma, a, e, i, o, u, chenye picha ya kikombe na ya paka. Kweli shule nilikwenda miaka miwili tu, lakini paka namjua. Karatasi zake nafungia sabuni. Miwani ile nimeijaribu siku moja mbili, nione tu kama ni mizima kabla ya kuirudisha. Ni mizima. Nimeona kwamba fundi ana masharubu.

Sasa wewe. Unasema mkono unamuuma. Mkono upi? Mume wetu anaandika kwa kushoto, na kwenye barua yako umesema akishika usukani anarusha yote miwili. Unaumwaje mkono unaorushwa? Usinifiche mimi, mwanamke. Mimi nimefua shati zake toka za shule mpaka za harusi. Najua akiwa amelala chini ya mti na akiwa amegombana, najua kabla hajafungua mdomo.

Na hilo la kunyamaza limenikera kuliko viatu. Nimemlea mimi baada ya mama yake kufariki, na huyo mtoto hajawahi kunyamaza, hata akiwa na uji mdomoni. Ukimwambia "mwizi huyo" alikuwa anakusahihisha, "hapana, mjomba huyo." Leo mtu anasimama kanisani anamwambia bibi yako alikuwa gizani, na yeye anabonyeza mashine? Kwa nini?

Tena nimehesabu. Mlisema wiki tano. Muhuri wa barua yako ni wa mji wa kiwanda cha saruji, na fundi, ambaye kaka yake ni dereva wa lori, anasema hapo hata nusu ya njia mlikuwa hamjafika. Gari limeharibika, au ni mtu aliyeharibika?

Jibu swali. Mambo ya kuku usiniandikie.

Mke mkubwa


17 Machi

Bibi, shikamoo.

Barua yako imenikuta palepale ulipoihesabu, mji wa kiwanda cha saruji. Tupo kwenye chumba cha wageni nyuma ya kanisa. Kila kitu ni cheupe, mti mweupe, mbwa mweupe. Nafua leo, kesho nguo zimekuwa kama unga. Ungekuwa hapa ungegombana na kiwanda. Redio ni mzima, ameanzisha darasa la watoto wa wafanyakazi na anawachapa kwa kandambili. Kuku, najua hutaki, lakini wametaga.

Gari liliharibika kweli. Klachi. Lilitengenezwa siku kumi zilizopita. Tangu hapo mume wetu anasema tusubiri kipuri kimoja zaidi, na nikimuuliza kipuri gani anakwenda kukaa kwenye ngazi za kanisa na kuangalia malori.

Bibi, hataki kurudi misheni. Nimeandika, basi.

Kule misheni tumekaa miaka saba. Mimi ni mkunga, kazi yangu inalia ikitoka, kila mtu anaisikia. Yeye amejenga paa la shule, amechimba kisima, amezika watu, amefundisha hesabu, na kila Jumapili anahubiri. Watu wanakuja, wanasikiliza, wanamsalimu vizuri sana, wanakwenda zao. Miaka saba. Makanisa huku yanauliza jambo moja tu, "Wako wapi waliookoka? Tuonyeshe." Na kwenye kisanduku chote cha slaidi, Bibi, slaidi themanini, hakuna uso hata mmoja ambao anaweza kusema, "Huyu hapa."

Ndiyo sababu alinyamaza. Ameniambia juzi tukimenya viazi, bila kuniangalia. "Walipopiga makofi," alisema, "kwa mara ya kwanza nilijiona nimefanya kitu. Halafu nikaangalia ukutani, ni Bibi. Kitu chenyewe ni Bibi. Na yeye ndiye aliyenifanya mimi." Akaendelea kumenya mpaka kiazi kikawa kama punje ya mahindi.

Sasa anataka kurudi kwako. Anasema chumba chake kipo, atakusaidia kubeba mashuka, atatafuta kazi ya kufundisha hapo mtaani. Anasema wewe hutamuuliza wako wapi.

Mbele yetu limebaki kanisa moja kubwa, la mji wa bandari, kabla ya kuvuka. Hao ndio wanaotutuma hasa. Jumapili ya pili ya Aprili wazee wao watakaa kuamua kama waturudishe kwa miaka minne mingine. Wameshaandika barua, wanataka "bibi wa mlangoni" awe slaidi ya mwisho, wamtundike na ukumbini. Akisema kweli, huenda wakatugeuza hapohapo. Asiposema, tutavuka, lakini sijui nitakuwa navuka na nani. Mimi niliolewa na mtu anayesema "hapana, mjomba huyo."

Sijui nifanye nini. Nitamfikisha bandarini, hilo naweza, ufunguo ninao mimi. Nijibu kwa anwani ya huko.

Mke mwenzio mdogo


30 Machi

Mke mwenzangu,

Salamu. Goti limepona. Jua limetoka, nimeanika tangu asubuhi, kamba zote nne zimejaa mpaka mtaa haupitiki. Mpe Redio pole, mwambie kandambili inamuumiza mchapaji kuliko mchapwa, atumie sauti.

Barua yako nimeisoma mwenyewe mara mbili. Kwa miwani.

La kwanza. Chumba hakipo. Nimempangisha fundi cherehani, amehamia juzi na mashine yake, na meza, na sanamu yake ile isiyo na kichwa ya kuvalishia magauni. Kitanda tumekitoa nje, kimenunuliwa. Kwa hiyo mwambie mume wetu asidhani. Akija atalala na ile sanamu, na sanamu imewahi nafasi. Usiniulize kama ningependa arudi. Sikuulizwa alipoondoka mara ya kwanza, nisiulizwe leo.

La pili. Mwambie anisikilize, na kama anamenya kitu aweke kisu chini. Nafua mashuka ya hospitali miaka arobaini. Kila Jumatatu yanakuja machafu, kila Alhamisi yanatoka meupe, Jumatatu yanarudi, machafu kuliko mwanzo. Hakuna shuka hata moja nililolimaliza. Hakuna. Na hajawahi kutokea mtu, daktari wala mgonjwa, akaniuliza, "Bibi dobi, tuonyeshe shuka uliloliokoa." Wangeniuliza ningewamwagia maji. Watu wamelala pasafi, basi. Wengine wamefia pasafi, na hilo nalo ni kitu. Sasa yeye amefua miaka saba, anakaa kwenye ngazi kulia kwamba mashuka yamerudi. Alidhani yatakwenda wapi?

Amefundisha watoto hesabu, aseme amefundisha hesabu. Amezika watu, aseme amezika. Hakumpata mtu, aseme hakumpata. Neno hilo ni fupi, linatoka mdomoni mara moja. Mimi sikumlea awe na watu wengi. Nilimlea asiwe mwongo.

La tatu ni langu, na ukicheka nitakusikia. Wale wa mablanketi nilikuwa nasema nitawarudishia, nitawarudishia, na sikurudisha. Miezi miwili nimewaacha waniombee kila Jumatano kwa kosa, kwa sababu ya miwani. Macho yangu yalikuwa yamekwisha, mke mwenzangu. Mwaka jana nilimchomea kijana wa watu shati la harusi kwa pasi, nikasema mkaa uliruka. Mkaa haukuruka. Nilikuwa sioni. Kwa hiyo na mimi nilinyamaza nikabonyeza mashine, kwa namna yangu.

Nimewaandikia. Nimesema mimi si mtu wa gizani, mimi ni bibi wa mhubiri, nilikuwa kazini ndiyo maana nimelowa, gauni nawarudishia, viatu havifanani, miwani naomba nibaki nayo kwa uhalali. Nina miaka sabini na mbili, na hiyo ni barua yangu ya kwanza kwa mtu nisiyemjua. Imenichukua siku tatu.

Hao wa bandarini sijawaandikia. Nimeiona anwani yao, na kalamu ninayo. Hao namwachia yeye.

Mke mkubwa


16 Aprili

Bibi, shikamoo.

Tupo mji wa bandari, wazima wote watatu. Kuku tumemwachia mke wa mchungaji wa kiwanda cha saruji, aliyewapenda. Redio ameiona tena meli na anauliza kwa nini haizami, amemuuliza kila mtu gatini mpaka nahodha.

Barua yako ilitutangulia. Nilimpa mume wetu Jumamosi asubuhi, akaisoma amesimama karibu na dirisha. Kwenye sanamu isiyo na kichwa alicheka. Kwenye mashuka aliacha kucheka. Alipomaliza akauliza, "Amekipangisha kweli?"

"Soma mwenyewe."

"Na kitanda?"

"Soma mwenyewe, mwanaume."

Akairudia. Baada ya chakula akaniuliza tena, "Unadhani amekipangisha kweli?" Nilikwenda kupaka gari grisi.

Jumapili baada ya ibada ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wazee wa kanisa saba mbele, na mwenyekiti wao, mwenye duka la vyuma, mtu mkubwa, anakohoa kabla ya kila neno. Paa, kisima, zahanati, darasa. Halafu wewe. Wakaanza kupiga makofi hata kabla hujakaa vizuri ukutani.

Mume wetu akainua mkono. "Ndugu zangu, huyu ni bibi yangu. Mzaa mama yangu. Ni dobi. Hapo alikuwa anafua. Ameokoka kabla mimi sijazaliwa, na nilichonacho chote cha Mungu alinipa yeye. Kwenye vituo vyote nilikopita nilinyamaza mkadhani ni mtu niliyempata. Sikusema uongo kwa mdomo, nilisema kwa kunyamaza. Nisameheni."

Nilisikia mashine ya slaidi inavyopumua.

Mwenyekiti akakohoa. "Kwa hiyo hao uliowapata ni slaidi ipi?"

"Hakuna."

"Miaka saba?"

"Saba."

"Hata mmoja?"

"Yupo mlinzi wa geti," alisema mume wetu, "lakini huyo nilimkuta tayari."

Nyuma mtu akaguna, halafu akashindwa, akacheka. Mama mmoja wa safu ya mbele, mwenye fimbo, akauliza, "Samahani, mhubiri. Huyo bibi yako, hapo anamkemea nani?"

"Mimi. Nilikuwa nimekanyaga shuka lake ili nimpige picha."

Mama yule akacheka mpaka fimbo ikaanguka, na baada yake wengine. Si wote. Wazee wawili walitoka.

Walikaa kikao mpaka alasiri, sisi tukisubiri ndani ya gari, Redio akiwahesabu wanaoingia na kutoka chooni. Mwenyekiti akaja mwenyewe dirishani. Amesema si minne, ni mmoja. Mwaka mmoja. Gari jipya tulilokuwa tumeomba, tusahau. Kila miezi mitatu mume wetu aandike kilichotokea, na kama hakikutokea kitu aandike hakikutokea. "Bora nisome hakuna," akasema, "kuliko nitundike bibi wa mtu."

Nilidhani mume wetu ataruka kwa furaha. Hakuruka. Anasema mwaka mmoja ni kama kuambiwa njoo ufunge mlango. Meli inaondoka kila Alhamisi. Anasema tusipande ya wiki hii, wala ya wiki ijayo, tungoje mpaka mwezi ujao akili itulie. Juzi nimemkuta anaulizia nauli ya kurudi huko kwako. Nyaraka zetu zote zimegongwa muhuri, gari limejaa mafuta, na mimi niko hapa nakunja na kukunjua nguo zilezile.

Ameomba aongeze mstari mwenyewe chini. Naona mkono umepona.

Mke mwenzio mdogo

Bibi, nimesema. Walicheka wengi. Naogopa kwenda nikakaa mwaka mwingine vilevile. Chumba umekipangisha kweli? Mimi.


29 Aprili

Mke mwenzangu,

Salamu zenu wote watatu leo, na mume wetu yumo, amestahili. Nimeusoma mstari wake. Bado anaandika herufi zimelala kama zimepigwa upepo. Mwambie nimefurahi. Mwambie mara moja tu, asivimbe.

Huku wazima. Wale wa mablanketi wamenijibu. Hawakukasirika. Wanasema gauni nisingelirudisha, miwani ni yangu, na wameuliza kama bado nataka waniombee Jumatano. Nimewaambia wakipenda waombe jua, na waombe siku ya Jumatatu, ndiyo siku mashuka yanapokuja. Wamekubali. Kuna mmoja anataka kujua naweka wanga kiasi gani kwenye kola. Hilo nitafikiria, siri za kazi hazitolewi hivihivi.

Chumba nimekipangisha kweli. Anauliza mara tatu kama mtoto aliyenyimwa. Kweli, kweli, kweli. Fundi anashona mpaka vikombe vinatembea mezani, na anaimba, hajui kuimba. Siku ya kwanza nilisikia mlango ule unafunguka alfajiri, nikaita jina la mume wetu kwa mazoea, chai imeiva, njoo. Akatoka fundi. Akakaa akanywa ile chai, hakunicheka, yeye ambaye hana simile. Tangu hapo chai tunakunywa wote. Basi. Mimi nina mtu wa kunywa naye chai, asinisingizie.

Anasema anaogopa mwaka mwingine vilevile. Mwambie mimi nimekuwa na arobaini vilevile na sijafa. Naye ana mke anayezalisha watu na kupaka grisi, ana mtoto anayewahoji manahodha, ana mlinzi wa geti anayemngoja amfungulie. Huko nyuma alikotoka kuna fundi na sanamu. Hakuna nafasi.

Wewe nawe acha kukunja na kukunjua, unachakaza nguo. Miezi mitatu umenificha na kumficha, umebeba gari na mume na mimi. Sasa inatosha, nifuate ninavyosema.

Alhamisi ya kwanza baada ya barua hii kufika, mnapanda meli. Sio ya wiki itakayofuata. Usingoje akili yake itulie, akili ya huyo itatulia akiwa na kazi mkononi. Mwamshe, mpe chai, usimwulize anajisikiaje. Akianza kueleza, mpe sanduku la vitabu vya nyimbo abebe, lina uzito wa kutosha kumziba mdomo. Redio akae dirishani. Wewe shika usukani, ingia melini bila kusimama, funga breki ya mkono, chomoa ufunguo, utie ndani ya nguo yako, na usimpe mpaka uione nchi kavu ya upande wa pili.

Mke mkubwa